KILIMO CHA MABOGA UWANJANI: KWA NINI MAUA HUWA MENGI NA MATUNDA HUWA MACHACHE

Makala haya yanawahusu watumishi wa umma na wananchi wote wa Unguja na Pemba wenye uwanja wa nyumba, japo uwe mdogo, ambao wamewahi kupanda maboga au wana nia ya kuyapanda. Malalamiko yanayosikika zaidi kwa wenye bustani za nyumbani si kwamba mboga hiyo haikuota. Malalamiko ni kwamba imeota vizuri, imetambaa uwanja mzima, imetoa maua ya manjano kila asubuhi, kisha hapana boga hata moja lililokomaa. Wengine wameona vijiboga vyenye ukubwa wa yai vikigeuka rangi na kuanguka. Baadhi yao huung'oa mmea wakidhani kuwa ni dume. Wengine hupiga dawa ya wadudu juu ya maua, na kwa kufanya hivyo hulizidisha lile tatizo walilokusudia kuliondoa.

Hasara inayopatikana hapo si ndogo. Boga huchukua takriban miezi mitatu hadi minne tangu kupandwa mbegu hadi kuvunwa tunda lililokomaa. Nyumba iliyokosa mavuno imepoteza samadi, maji na jasho la muda wote huo, na mwezi wa Ramadhani unapoingia hulazimika kwenda sokoni, Darajani au Mwanakwerekwe, Chake Chake au Wete, kununua kitu ambacho kingeweza kupatikana nyuma ya jiko. Kwa hivyo, inafaa ieleweke vipi mmea huu unavyoishi na unavyozaa.

Asili na jamii ya mmea huu

Boga ni la jamii moja na tango, tikiti, mumunye na dodoki. Hata hivyo, maboga yenyewe asili yake ni bara la Amerika, na yalianza kuenea katika mabara mengine baada ya safari za Wazungu kufika huko mwaka 1492. Mumunye ni mkongwe zaidi katika Afrika. Wanaosoma tafsiri ya Kurani wanaukumbuka mmea uitwao yaktini katika kisa cha Nabii Yunus, ndani ya Surat As-Saffat. Wafasiri wengi wameueleza kuwa ni mmea wa jamii hii utambaao, na kwa mujibu wa historia iliyotajwa hapo juu, mumunye ndio ulio karibu zaidi na maelezo hayo kuliko boga.

Ziko aina kadhaa za maboga. Aina inayovumilia zaidi joto na unyevunyevu wa visiwa vyetu ni ile ambayo wataalamu huiita Cucurbita moschata. Majani yake aghalabu huwa na madoa meupe, kikonyo cha tunda lake ni kigumu chenye pembe tano na hutanuka pale kinaposhikana na tunda, na nyama yake huwa ya rangi ya manjano iliyokoza au ya machungwa. Mwananchi anayechagua mbegu kutokana na boga alilolila na kulipenda achague kwa kufuata alama hizo.

Faida kwa afya

Rangi ya machungwa iliyomo ndani ya boga inatokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Vitamini hii ni muhimu kwa macho na kwa kinga ya mwili, hasa kwa watoto wadogo na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha. Majani machanga ya boga nayo yana karotini pamoja na madini. Karotini hufyonzwa vizuri na mwili pale chakula kinapokuwa na mafuta, na kwa sababu hiyo mapishi yetu ya boga la nazi, pamoja na majani yanayoungwa kwa tui, yana hekima ndani yake. Atakaye kupunguza kitu katika sufuria hiyo na apunguze sukari, wala asiliondoe tui lote.

Ni lazima ifahamike pia kwamba boga halichukui nafasi ya matone ya vitamini A yanayotolewa kwa watoto wa kuanzia miezi 6 hadi chini ya miaka 5. Mzazi ampeleke mtoto kituoni kama kawaida, na boga liwe ni nyongeza ya kila wiki katika sahani.

Wakati wa kupanda

Nyakati mbili zinafaa zaidi. Ya kwanza ni mwanzo wa Vuli, yaani mwezi wa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba. Ya pili ni mwishoni mwa Masika, yaani mwezi wa Mei, ili mmea ukue katika Kipupwe na kusaidiwa na mvua ndogo za Mchoo. Kupanda katikati ya Masika hakushauriwi. Mvua kubwa huozesha mbegu, hueneza ukungu wa majani, na huwazuia nyuki wasiyafikie maua asubuhi.

Wanaolima kwa ajili ya futari wanapaswa kuhesabu kwa kurudi nyuma. Mwezi wa Ramadhani hutangulia kwa takriban siku 11 kila mwaka wa miladi. Mwaka 2024 ulianza katika wiki ya pili ya Machi, na mwaka 2025 ulianza mwanzoni mwa Machi. Kwa miaka ya namna hiyo, mbegu ya Vuli ya Oktoba hutoa mavuno kwa wakati wake. Lakini ilivyo, mwezi huo unaelekea Januari, na katika mwaka 2030 utaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Disemba. Hivyo mkulima atakayengoja mvua ya Oktoba atachelewa. Itampasa apande Agosti au Septemba na awe na maji ya kumwagilia, ama ategemee maboga ya Mei yaliyovunwa na kuhifadhiwa vyema. Jambo hili lizingatiwe mapema.

Udongo na mashimo

Boga linahitaji jua lisilopungua saa sita kwa siku. Halifai kupandwa chini ya mwembe au mfenesi, na chini ya minazi lipandwe pale tu ambapo minazi imeachana na jua linapita.

Katika udongo wa kinongo mmea huu hustawi bila ya taabu kubwa. Katika kichanga, maji na rutuba hupotea haraka, kwa hivyo samadi iongezwe na udongo ufunikwe. Katika kinamo, ambao hutuamisha maji, mbegu zipandwe juu ya tuta lililonyanyuliwa kiasi cha sentimita 20. Wakaazi wa maweni na uwanda, ambako mawe yapo karibu na uso wa ardhi, watafute mifuko ya udongo iliyopo baina ya mawe na waijaze mboji. Mmea huu hutambaa, hivyo mizizi yake inaweza kuwa katika mfuko mmoja wa udongo na matawi yake yakalala juu ya mawe matupu.

Shimo liwe na upana na kina cha sentimita 40 hadi 50. Litiwe nusu debe ya samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza kabisa, ikichanganywa na udongo wa juu. Samadi mbichi, na hasa ya kuku, huunguza mizizi. Aidha, samadi ikizidi mno mmea hushughulika na majani na kuchelewa kuzaa, na hiyo ni sababu mojawapo ya maboga yenye majani mapana yasiyo na tunda. Baina ya shimo na shimo iachwe nafasi ya mita 2. Uwanja wa mita 4 kwa mita 4 unatosha mashimo manne.

Kwa wakaazi wa mjini wasio na ardhi, polo kubwa la mchele lililotobolewa chini na kujazwa udongo na samadi linaweza kubeba mmea mmoja. Matawi yaelekezwe juu ya uzio au chanja madhubuti, na tunda likianza kuwa zito litegemezwe kwa wavu au kitambaa ili lisikate tawi.

Kupanda na kumwagilia

Katika kila shimo zipandwe mbegu 3 au 4 kwa kina cha sentimita 2 hadi 3. Kwa joto letu huota baada ya siku 5 hadi 8. Miche ikishatoa majani mawili au matatu ya kweli, ibakishwe miwili iliyo na nguvu na mengine ikatwe kwa mkasi. Isivutwe, kwani mizizi ya jirani itatikisika.

Maji yatiwe kwenye shina wakati wa asubuhi, wala yasimwagwe juu ya majani wakati wa jioni, maana majani yanayolala na maji huvuta ukungu. Pale penye uhaba wa maji, yale ya kuoshea mchele na mboga, na ya udhu yasiyo na sabuni, yakusanywe kwa kazi hii. Maji ya visima vya pwani vinavyoingia chumvi wakati wa Kaskazi yasitumike. Makumbi ya nazi au majani makavu yakizungushwa kwenye shina huhifadhi unyevu na kupunguza magugu.

Wapo wanaoogopa kwamba mboga itambaayo ni chanzo cha mbu. Mbu huzaliana katika maji yaliyotuama, kama vile kwenye vifuu, makopo na mipira chakavu ya gari. Vitu hivyo viondolewe uwanjani, na matawi ya boga yaelekezwe mbali na mlango na madirisha. Usafi wa mazingira hauna ugomvi na bustani iliyotunzwa.

Maua na namna tunda linavyopatikana

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Wazee wamesema, ukipenda boga, penda na ua lake. Kwa mkulima, msemo huu unapaswa kuchukuliwa kwa maana yake ya dhahiri.

Mmea mmoja wa boga hubeba maua ya namna mbili. Ua la kiume lina kikonyo chembamba na kirefu, na ndani yake mna kijiti kimoja chenye unga wa manjano. Ua la kike lina kikonyo kifupi, na chini ya ua lenyewe kuna kijiboga kidogo kilichokwisha kujiumba. Kwa hivyo hakuna mmea wa boga ulio dume peke yake, na anayeung'oa kwa dhana hiyo anang'oa mali yake.

Maua ya kiume hutangulia. Huanza kuonekana takriban wiki ya sita baada ya kupanda, na ya kike hufuata baada ya wiki moja au zaidi. Muda wote mmea huwa na maua ya kiume mengi kuliko ya kike. Kuanguka kwa yale ya mwanzo si maradhi.

Ua hufunguka alfajiri na hufunga kabla ya adhuhuri ya siku hiyo hiyo, wala halifunguki tena. Unga wa ua la kiume ni mzito na unanata, hivyo haupeperushwi na upepo. Ni lazima ubebwe na mdudu, hasa nyuki, hadi katika ua la kike. Nyuki wasipokuja katika saa hizo chache, au wakija mara moja tu na kuleta unga kidogo, kijiboga hugeuka manjano na kuanguka baada ya siku chache, au hukua kikiwa kimepinda upande mmoja.

Kutokana na hayo, mambo mawili yanafuata. La kwanza, dawa ya wadudu isipigwe asubuhi wala isielekezwe kwenye maua, kwa sababu huwaua wale wanaotufanyia kazi. La pili, pale ambapo nyuki ni wachache, kama ilivyo katika mitaa mingi ya mjini, mwenye bustani aifanye kazi hiyo kwa mkono wake. Utaratibu ni huu:

Kwanza, aamke mapema, na baina ya saa 12 na saa 3 za asubuhi alitafute ua la kike lililofunguka siku hiyo.

Pili, achume ua la kiume lililofunguka siku hiyo hiyo, na ayaondoe majani yake ya manjano ili kijiti cha ndani kibaki wazi.

Tatu, akipake kijiti hicho taratibu katikati ya ua la kike, akizigusa sehemu zote za ncha yake. Ua moja la kiume linatosha maua mawili ya kike.

Nne, afunge kiuzi kwenye kikonyo cha ua alilolishughulikia. Baada ya siku nne au tano, kijiboga kilichoshika kitakuwa kimeanza kunenepa.

Kazi hii haichukui dakika kumi. Mtumishi wa umma anaweza kuimaliza baada ya Sala ya Alfajiri na akafika afisini kwa wakati.

Majani ya kitoweo

Majani machanga ni kitoweo kizuri, lakini kila jani linalochumwa ni chakula kilichoondolewa kwa tunda. Ushauri ni kuitenga mimea ya shimo moja kwa ajili ya majani, na ya mashimo mengine iachiwe matunda. Katika mimea ya matunda, ncha ya tawi kuu ikatwe mara moja pale linapofika kiasi cha mita moja na nusu. Matawi ya pembeni yatachipua, na huko ndiko maua mengi ya kike hutokea. Ncha iliyokatwa iende jikoni.

Wadudu na maradhi

Adui mkubwa wa matunda ya jamii hii ni nzi wa matunda. Jike lake hutoboa kijiboga kichanga na kutaga mayai ndani, kisha funza huliozesha tunda kwa ndani. Kinga iliyo rahisi ni kukivisha kijiboga mfuko wa karatasi au gazeti mara tu kinaposhika, na kuuacha mpaka ngozi iwe ngumu. Tunda lililooza lisiachwe juu ya ardhi wala lisitupwe jaani. Lizikwe kwa kina cha nusu mita, kwani funza waliomo ndani yake ndio nzi wa wiki zijazo. Jirani asiyefanya hivyo huwaharibia wenziwe, na kwa hivyo jambo hili lafaa likubaliwe na mtaa mzima.

Ubwiri unga huonekana kama unga mweupe juu ya majani. Majani yaliyoathirika zaidi yakatwe na matawi yapangwe ili hewa ipite. Vidukari hukaa chini ya majani na hueneza virusi vinavyoyakunja na kuyatia mabaka. Mmea uliopatwa na virusi hauponi. Ung'olewe na uchomwe, na mbegu zake zisipandwe. Kwa vidukari, maji ya mwarobaini yanasaidia: takriban kilo 1 ya majani mabichi yatwangwe, yarowekwe usiku kucha katika lita 10 za maji, yachujwe, yatiwe sabuni kidogo na yanyunyizwe jioni, wakati maua yamekwisha kufunga.

Anayelazimika kutumia dawa ya dukani asinunue ile iliyomiminwa katika chupa isiyo na maandishi. Afuate kipimo, na ahesabu siku zilizoandikwa kabla ya kuchuma jani au tunda lolote.

Tahadhari juu ya tunda chungu

Mara chache hutokea boga, na hasa mumunye, likawa chungu mno. Uchungu huo ni sumu inayosababisha kutapika na kuharisha vikali, na haiondoki kwa kupikwa wala kwa kutiwa sukari. Mpishi aonje kipande kidogo kibichi kwa ncha ya ulimi kabla ya kupika. Kikiwa kichungu akiteme na alitupe tunda zima, na mbegu zake zisipandwe.

Kuvuna na kuhifadhi

Boga limekomaa pale kikonyo chake kinapokauka na kuwa kama gome, na ukucha usipoweza kuingia katika ngozi yake. Likatwe kwa kisu, na kikonyo cha kiasi cha sentimita 5 hadi 10 kiachwe juu yake. Tunda lililong'oka kikonyo huingia uozo kwa mahali hapo, hivyo liliwe mwanzo. Lisibebwe kwa kushika kikonyo. Liwekwe mahali penye kivuli na upepo kwa wiki moja ili ngozi ikauke, kisha lihifadhiwe juu ya mbao au chanja, si juu ya saruji yenye unyevu, na maboga yasigusane. Kwa utaratibu huo hukaa miezi miwili hadi mitatu.

Mbegu za kupanda msimu ujao zitolewe katika boga bora, si katika lile lililobaki mwisho. Zioshwe, zikaushwe kivulini na ziwekwe katika chupa kavu iliyofungwa. Ikumbukwe kwamba maboga ya namna tofauti yaliyopandwa pamoja yanaweza kuchanganyika kwa njia ya maua. Tunda la msimu huo halitabadilika, bali mbegu zake zinaweza kutoa maboga yasiyofanana na mama. Anayetaka kuhifadhi aina yake, baada ya kulipaka ua kwa mkono alifunge kwa uzi ili nyuki asiingie tena. Boga na mumunye havichanganyiki.

Wito

Wananchi wanaohitaji maelezo zaidi wanashauriwa kumuona Bwana Shamba au Bibi Shamba wa eneo lao kupitia afisi ya Sheha, wakiwa na jani au tunda lililoathirika ili lichunguzwe. Walimu wa skuli zenye bustani wanaombwa wawaoneshe wanafunzi tofauti ya maua mawili yaliyoelezwa hapo juu, kwa kuwa mtoto aliyeliona ua la kike kwa macho yake atakwenda kulitafuta nyumbani kwao asubuhi inayofuata. Mashimo manne, nusu debe ya samadi kwa kila moja, na dakika kumi za alfajiri ndiyo gharama ya kazi hii, na kila nyumba yenye uwanja inaweza kuimudu.